Seneta wa Magharibi na mpaka wa Rusizi: kura zasema nini, maswali yasema nini

NZAHAHA, Rusizi – Wafanyabiashara na wasafirishaji wa kusini-magharibi mwa Rwanda wana maseneta watatu mjini Kigali. Hao ndio wanaouwakilisha Mkoa wa Magharibi katika Baraza la Seneti lenye wajumbe 26, na muhula wao ulioanza Septemba 2024 utakwisha mwaka 2029. Kila mpaka unapofungwa huulizwa swali lilelile: seneta wetu alipiga kura gani?

Ni swali la haki. Ila anayetafuta jibu kwenye orodha ya kura peke yake atarudi mikono mitupu, kwa sababu mambo mengi yanayomgusa mwenye lori, au mama anayevusha nyanya na ndizi, hayafiki kabisa kwenye kura ya Seneti.

Nzahaha ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Ni moja ya sekta 18 za wilaya ya Rusizi, katika eneo ambalo kabla ya mageuzi ya utawala ya 2006 lilikuwa ndani ya mkoa wa Cyangugu. Iko jirani na Bugarama, upande wa bonde la mto Rusizi. Ng'ambo ya mto ni Kongo na mji wa Kamanyola. Kusini kuna Ruhwa, kituo cha huduma pamoja mpakani kati ya Rwanda na Burundi. Kaskazini kuna Kamembe na njia za kuvukia kwenda Bukavu. Uamuzi wowote ukitolewa Kigali, Kinshasa, Bujumbura au Arusha, mfanyabiashara wa hapa huusikia mfukoni kabla hajausikia redioni.

Nani humchagua seneta

Mkazi wa Nzahaha hapigi kura ya moja kwa moja kumchagua seneta. Kati ya wajumbe 26, ni 12 wanaotoka mikoani na Jiji la Kigali: Magharibi watatu, Kusini watatu, Mashariki watatu, Kaskazini wawili na Kigali mmoja. Wanachaguliwa na madiwani wa wilaya pamoja na viongozi wa mabaraza ya sekta. Rais huteua 8, jukwaa la vyama vya siasa huteua 4, na vyuo vikuu huchagua 2, mmoja wa vyuo vya umma na mmoja wa vyuo binafsi.

Maana yake ni kwamba kura za Nzahaha katika uchaguzi wa seneta zinahesabika kwa vidole. Zimo mikononi mwa watu ambao mfanyabiashara anawafahamu kwa sura, anaokutana nao sokoni na kanisani. Wengi hulalamika kwamba Seneti iko mbali. Kwa upande wa umbali wa Kigali ni kweli, lakini mpiga kura wake yuko karibu kuliko mpiga kura wa chombo kingine chochote cha kitaifa.

Seneti yenyewe ilizaliwa na Katiba ya 2003 na ikaanza kazi Oktoba mwaka huo, Dk. Vincent Biruta akiwa rais wake wa kwanza. Wakati huo seneta alikaa miaka 8 bila kurudi. Mabadiliko ya Katiba ya 2015 yakaufanya muhula kuwa miaka 5 unaoweza kuongezwa mara moja. Hapo kuna tofauti ambayo wengi hawajaitilia maanani. Seneta wa zamani hakuwa na sababu ya kurudi kwa wapiga kura kuomba tena. Wa sasa, kama yuko katika muhula wa kwanza, anayo.

Kura ambazo seneta hapigi

Chukua mfano wa mitumba, biashara ambayo kila mtu wa mpaka huu anaijua. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 kwa kilo hadi dola 2.50. Marekani ilikasirika, na mwishoni mwa Julai 2018 ikasimamisha nafuu ya AGOA kwa nguo zinazotoka Rwanda. Kwenye mpaka wa Kongo matokeo yalikuwa ya kutabirika: marobota yakatafuta njia za usiku. Mfanyabiashara aliyetaka kujua seneta wake alisimama wapi kuhusu dola 2.50 asingepata kitu. Viwango vya ushuru wa forodha hupangwa kwa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kupitia Baraza la Mawaziri la Jumuiya, na hutangazwa katika Gazeti la Jumuiya linalotoka Arusha.

Mizani nayo ni hivyohivyo. Dereva anayezuiwa kwa kuzidisha uzito anashikwa na Sheria ya Jumuiya ya Udhibiti wa Uzito wa Magari, yenye kikomo cha tani 56 kwa lori zima. Sheria hiyo, pamoja na ile ya vituo vya huduma pamoja mpakani, ilipitishwa na Bunge la Afrika Mashariki, ambako Rwanda ina wajumbe 9. Mwenye malori anayemwandikia seneta kuhusu mizani amekosea anwani.

Bajeti ya taifa ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Hiyo hupitishwa na Baraza la Wabunge. Kabla ya kupitishwa, Seneti huombwa maoni yake. Maoni ni maoni: yanaandikwa, yanapelekwa, na wabunge wanaweza kuyachukua au kuyaacha. Lakini yameandikwa, na hilo si dogo kwa anayefuatilia. Kama barabara ya vijijini au soko la mpakani halikutajwa katika maoni ya Seneti juu ya bajeti, mtu ana haki ya kuuliza kwa nini maseneta watatu wa Magharibi hawakulitia humo.

Kura anazopiga

Katiba imeitengea Seneti maeneo maalumu ya kutunga sheria: marekebisho ya Katiba, sheria za msingi, sheria za taasisi kuu za nchi, uchaguzi na kura ya maoni, haki za msingi za raia, sheria za jinai, ulinzi na usalama, na mikataba ya kimataifa. Mfanyabiashara aweke alama kwenye mawili: jinai na mikataba.

Jinai, kwa sababu humo mna rushwa. Anayeombwa "kitu kidogo" kwenye kizuizi yuko chini ya sheria ambayo seneta ana kauli juu yake.

Mikataba ndiyo kubwa zaidi. Kwa Katiba ya Rwanda, mikataba ya biashara, ya kujiunga na mashirika ya kimataifa, na yote inayoifunga hazina ya serikali, haiwezi kuridhiwa mpaka Bunge litoe idhini kwa sheria. Maneno "inayoifunga hazina" yana uzito wake. Mkopo wa Benki ya Dunia au wa Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa ajili ya barabara, umeme au jengo la forodha ni mkataba. Unafika Seneti na unapigiwa kura. Mtu akisoma ratiba ya vikao ataona miswada ya kuidhinisha mikopo ikipita mmoja baada ya mwingine. Ni kazi kavu ambayo magazeti huipa mistari miwili, nayo ndiyo inayogeuka lami.

Mifano ipo. Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika ulitiwa saini Kigali Machi 2018, Rwanda ikauridhia mwaka huohuo, na biashara chini yake ikatangazwa kuanza 1 Januari 2021. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa kuwezesha biashara katika Maziwa Makuu, dola milioni 79 kwa Kongo, Rwanda na Uganda, ukiwalenga hasa wachuuzi wadogo wa mipakani.

Kabla ya hayo yote, Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Kutokana na Jumuiya hiyo mchuuzi wa leo ana cheti rahisi cha uasilia kwa bidhaa za Jumuiya zisizozidi dola 2,000, kinachomwepusha na safari ya kwenda kwa wakala wa forodha kwa ajili ya magunia machache. Kongo nayo ilitia saini kujiunga Aprili 2022 na kukamilisha taratibu Julai mwaka huo. Kwa karatasi, basi, mtu wa Nzahaha na mtu wa Kamanyola wako ndani ya Jumuiya moja.

Tatizo la kusoma kura hizi ni kwamba mara nyingi hazitenganishi mtu na mtu. Tarehe 17 Novemba 2015 Seneti ilipopiga kura juu ya marekebisho ya Katiba, ilipita kwa kauli moja. Ni kura iliyogusa hata muhula wa maseneta wenyewe. Kauli moja katika jambo zito kiasi hicho inaonyesha utamaduni wa baraza: tofauti humalizwa kwenye kamati, na ukumbini huja makubaliano. Wapo wanaousifu utaratibu huu kwamba unatuliza nchi, na wapo wanaosema unamnyima raia nafasi ya kujua nani alisimama wapi. Kwa mfanyabiashara matokeo ni mamoja: safu ya "ndiyo" 26 haimwambii seneta yupi alimfikiria.

Kufunga mpaka hakupigiwi kura

Sasa tuje kwenye hasara zenyewe. Machi 2020 Rwanda ilifunga mipaka kwa watu kwa sababu ya korona, ikaacha mizigo. Lori lilipita, mwanamke mwenye beseni kichwani hakupita, kwa sababu yeye na mzigo wake ni kitu kimoja. Tarehe 11 Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na Ruhwa, kituo kilichojengwa ili kupunguza saa za kusubiri, kikakosa wa kusubiri. Februari 2025 kundi la M23 liliingia Bukavu, kisha Kamanyola, na wafanyabiashara wa pande zote mbili wakajikuta hawajui bidhaa italipiwa ushuru na nani wala fedha zitapitia benki gani.

Katika matukio hayo matatu hakuna hata moja lililofunga njia kwa kura ya Seneti ya Rwanda. La kwanza lilikuwa amri ya serikali, la pili uamuzi wa nchi jirani, la tatu vita. Kwa hiyo rekodi ya kura ya seneta yeyote wa Magharibi juu ya hasara kubwa kuliko zote za miaka hii ni karatasi tupu, na hilo halimtii hatiani wala halimsafishi.

Linaloweza kumpima ni swali. Seneta ana haki ya kumuuliza Waziri Mkuu au waziri swali la mdomo au la maandishi, na Seneti inaweza kuunda tume ya uchunguzi. Haina uwezo wa kumhoji waziri kwa lengo la kumwondoa, wala wa kuleta hoja ya kutokuwa na imani na serikali; hayo ni ya wabunge. Wengine husema basi swali la seneta ni mbwa asiye na meno. Si kweli kabisa. Waziri akijibu swali la maandishi juu ya wachuuzi wadogo wa Bugarama, jibu hilo ni ahadi ya serikali yenye tarehe. Mtu anaweza kulirudia baada ya mwaka na kuuliza limefikia wapi.

Kuna pia kamati nne za kudumu: ya siasa na utawala bora, ya maendeleo ya uchumi na fedha, ya masuala ya jamii, haki za binadamu na malalamiko, na ya mambo ya nje, ushirikiano na usalama. Kamati hutembelea wilaya, huandika ripoti, na kikao cha wote hupitisha mapendekezo kwa serikali. Mfanyabiashara aangalie seneta wake yuko kamati gani. Aliye katika kamati ya uchumi au ya mambo ya nje ana mkono karibu zaidi na mpaka.

Mahudhurio nayo yana maana yake. Baraza haliketi kihalali bila tatu ya tano ya wajumbe, yaani 16 kati ya 26. Kwa chombo kidogo namna hii, maseneta watatu wa mkoa mmoja ni zaidi ya sehemu ya kumi ya ukumbi.

Mfano wa Dushimimana

Lambert Dushimimana anafaa kutazamwa kwa makini. Aliingia Seneti mwaka 2019 akiwa mmoja wa watatu wa Mkoa wa Magharibi, pamoja na Emmanuel Havugimana na Marie Rose Mureshyankwano. Septemba 2023, kabla muhula haujaisha, aliteuliwa kuwa gavana wa mkoa huohuo baada ya François Habitegeko kuondolewa. Kwa Katiba, uteuzi wa gavana hupita Seneti, kwa hiyo waliotakiwa kumkubali walikuwa wenzake wa jana.

Miezi minne baadaye Burundi ilifunga mpaka. Mtu ambaye juzi alikuwa na haki ya kuuliza swali ukumbini, sasa ndiye aliyekuwa kwenye kiti cha kushughulikia masoko, maghala na wachuuzi waliokosa njia. Novemba 2024 nafasi yake ya ugavana ilichukuliwa na Jean Bosco Ntibitura.

Safari hii inaonyesha jambo ambalo orodha ya kura haiwezi kuonyesha. Useneta wa mkoani ni ngazi, na huweza kukatika katikati. Mfanyabiashara aliyempelekea seneta faili lake mwaka 2022 bila kuacha nakala kwenye kamati, faili hilo lilihama na mtu. Jingine ni kwamba kura ya kuidhinisha magavana, mabalozi na wakuu wa taasisi ni miongoni mwa kura za Seneti zinazofika mpakani haraka. Balozi wa Rwanda mjini Bujumbura au Kinshasa hupita hapo. Seneta anayemuuliza balozi mteule atafanya nini kuhusu malori yaliyokwama amemfanyia msafirishaji kazi kubwa kuliko aliyenyanyua mkono kwenye miswada ishirini.

Jirani wanavyofanya

Kenya ina Seneti ya watu 67, na kura zake husomeka jina kwa jina. Kwa mambo ya kaunti, kila kaunti ina kura moja kupitia ujumbe wake. Mwaka 2020 kanuni ya kugawana mapato iliwagawa maseneta kwa wiki nyingi, kaunti za watu wengi upande huu na kaunti kubwa za ukame upande ule. Septemba wakakubaliana, kwa sharti kwamba fungu la kaunti lipandishwe hadi shilingi bilioni 370. Mfanyabiashara wa Busia au Namanga angeweza kutaja seneta wake alikuwa kambi gani. Oktoba 2024, katika kesi ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua, maseneta walipigia kura kila moja ya tuhuma 11, na 5 zikathibitishwa.

Ng'ambo ya mto, Kongo ina Seneti pia, na kila mkoa nje ya Kinshasa hutoa maseneta wanne wanaochaguliwa na bunge la mkoa. Kivu ya Kusini ilibahatika kuwa na mtu wake, Modeste Bahati Lukwebo, kwenye kiti cha rais wa Seneti kuanzia 2021 hadi 2024, muda uleule Kongo ilipoingia Jumuiya. Hata hivyo daraja la Kamanyola halikupata wepesi wa ajabu kwa sababu hiyo. Cheo cha juu hakileti maji kijijini chenyewe. Mei 2025 Seneti hiyohiyo ilipiga kura ya kumvua kinga Joseph Kabila, seneta wa maisha, na kura hiyo ilikuwa ya siri: matokeo yalijulikana, majina hayakujulikana.

Rwanda iko kati ya hao wawili. Vikao vya Seneti ni vya wazi kwa Katiba isipokuwa baraza lenyewe likiamua vinginevyo, lakini mivutano ya kura kama ya Nairobi haipo. Kwa hiyo chombo cha kupimia ni maswali, ripoti za kamati, maoni juu ya bajeti, na alichosema seneta siku ya kuidhinisha mkopo au balozi.

Mlango ulio wazi kwa sasa

Kamati ya Masuala ya Jamii, Haki za Binadamu na Malalamiko ndiyo mlango ulio wazi kabla ya 2029, na hauhitaji mtu kuwa diwani. Malalamiko yanayokwama ni yale yanayosema tu "mpaka unatutesa". Yanayosomeka hutaja kituo, tarehe, aina ya mzigo, karatasi iliyokataliwa na ofisa wa idara gani aliyeikataa, na hasara kwa faranga. Ushirika wa wachuuzi wa Nzahaha ukikusanya siku 30 za rekodi za namna hiyo, uzipeleke kwa kamati kwa maandishi, nakala kwa maseneta wote watatu na nyingine kwa baraza la wilaya ya Rusizi, ambalo madiwani wake watapiga kura ya seneta tena. Suala likiwa la ushuru au mizani, nakala ya ziada iende kwa wajumbe 9 wa Rwanda walioko Arusha.